Mganga, Mchawi na Orgoiyot: Je, Elimu ya Mambo ya Ghaibu ya Longisa Inapoteza Upekee Wake?

1. Utangulizi

Kila jamii ina elimu yake kuhusu mambo ya ghaibu: ni nani awezaye kubariki na nani awezaye kulaani, nani hutibu na nani hudhuru, wafu wako wapi na wanataka nini, na ni viumbe gani hutembea usiku. Elimu hiyo hupokezanwa kwa maneno. Mtoto husikia jina la kiumbe kabla hajaambiwa sura yake, na mgeni aingiaye katika jamii hupimwa kwa jinsi anavyoyatumia majina hayo mahali panapofaa. Kwa hiyo mtu akiuliza kama elimu ya ghaibu ya watu fulani inapoteza upekee wake, swali hilo ni la mwanaisimu na mtunga kamusi kama lilivyo la mwanaanthropolojia.

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kutazama Longisa, katika Kaunti ya Bomet nchini Kenya, mahali ambapo Kikipsigis, Kimasai, Kigusii, Kijaluo na Kiswahili hukutana. Hoja itakayotetewa ni kwamba elimu hiyo haijawahi kuwa safi isiyo na mchanganyiko, na kwamba kuazima hakukuiharibu. Kinachoidhoofisha ni tafsiri inayoyakusanya majina mengi yenye kazi mbalimbali chini ya maneno mawili tu, yaani mganga na mchawi.

2. Longisa na lugha zake

Longisa ni mji mdogo ulio mashariki mwa Bomet, kando ya barabara iendayo Narok. Ukitoka huko kuelekea magharibi na kaskazini utafika kwenye mashamba ya chai ya Bomet na Kericho. Ukielekea mashariki utaingia nchi ya Wamasai. Bomet ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kericho hadi mwaka 1992, ilipofanywa wilaya peke yake, na tangu mwaka 2013 ni kaunti yenye serikali yake.

Lugha ya wenyeji ni Kikipsigis, mojawapo ya lugha za Kikalenjin, nazo ni za tawi la kusini la lugha za Kiniloti. Kimasai ni Kiniloti cha mashariki, Kijaluo ni Kiniloti cha magharibi, ilhali Kigusii na Kiswahili ni lugha za Kibantu. Mashamba makubwa ya chai yalipoanzishwa katika miaka ya 1920, wafanyakazi wengi waliletwa kutoka Nyanza na sehemu za magharibi, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi, ya duka na ya ofisi. Baada ya mwaka 1985, mfumo mpya wa elimu ulipokifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa, kila mtoto wa shule alianza kukisoma na kukiandika. Hivyo Mkipsigis wa leo aghalabu huyaeleza mambo ya kwao kwa lugha mbili, na anapoyahamisha kutoka moja kwenda nyingine, hapana budi achague maneno.

3. Majina na kazi zake

Inafaa kwanza kutazama baadhi ya majina yenyewe, kwa kuwa upekee unaozungumziwa umo katika tofauti zilizopo baina yao.

Jina la kwanza ni orgoiyot, ambalo baadhi ya waandishi huliandika orkoiyot. Huyu ni mtu wa ukoo wa Talai, mwenye uwezo wa kutabiri, kuleta au kuzuia mvua, na kubariki vijana waendao vitani. Kazi hiyo hurithiwa. Kimnyole, aliyeuawa na Wanandi wenyewe mwaka 1890, alikuwa orgoiyot. Mwanawe Koitalel arap Samoei aliwaongoza Wanandi kuwapinga Waingereza mpaka alipouawa mwaka 1905. Mwanawe mwingine, Kipchomber arap Koilege, alihamia kwa Wakipsigis na kuwa orgoiyot wao. Mtu huyu aliheshimiwa na kuogopwa kwa pamoja. Baraka yake ilitafutwa, na hasira yake iliepukwa.

Jina la pili ni ponindet, kwa wingi ponik. Huyu hudhuru watu kwa siri, na jamii haimpi nafasi yoyote halali. Hakuna kikao kinachomwita, wala hakuna atakayejitangaza kuwa ndiye.

La tatu ni chepkerichot, mwanamke ajuaye dawa za miti na mizizi. Jina hili limetokana na kerichek, yaani dawa, neno ambalo leo hutumika pia kwa vidonge na sindano za hospitali. Zipo riwaya mbili juu ya asili ya jina la mji wa Kericho: moja hulihusisha na neno hili la dawa kupitia tabibu aliyeitwa Kipkerich, na nyingine hulihusisha na Mmasai aliyeitwa Ole Kericho. Riwaya yoyote ikikubaliwa, yafaa kukumbuka kwamba wapo wenyeji wanaolisikia jina la tiba ndani ya jina la mji wao.

Baada ya hao kuna uwezo usio wa mtu maalumu. Mzee yeyote mwenye haki aweza kutoa chubisiet, yaani laana, mbele ya watu na kwa sababu inayojulikana. Nayo huaminiwa kwamba haimshiki asiye na hatia. Vilevile kuna muma, kiapo kinachomrudia aliyekula yamini ya uongo. Laana na kiapo ni vyombo vya sheria. Vyote viwili hufanywa hadharani, na jambo hilo peke yake linatosha kuvitenga na kazi ya ponindet.

Kuna pia oiik, roho za wafu wa ukoo. Mtoto anapozaliwa, majina ya wahenga hutajwa moja baada ya jingine, na apigapo chafya jina lililotajwa wakati huo huwa ndilo la roho iliyomrudia. A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wanandi kilichotolewa mwaka 1909, alieleza kwamba nyoka akiingia nyumbani na kupanda kitandani mwa mwanamke hauawi, kwa kuwa huchukuliwa kuwa ni roho ya mmoja wa jamaa, naye humwagiwa maziwa. Oiik, basi, ni jamaa. Huweza kukasirika kama jamaa wanavyokasirika, lakini si wageni wala si maadui.

Kiumbe cha mwisho cha kutajwa hapa ni chemosit. Hollis alimwandika kuwa nusu mtu na nusu ndege, mwenye mguu mmoja na makalio tisa, kinywa chake chekundu kikiwaka usiku mithili ya taa, naye hutembea kwa kujisukuma na fimbo ifananayo na mkuki. Maelezo haya hayawezi kuhamishwa na kupachikwa kiumbe kingine bila kuonekana kuwa ni ya wizi.

4. Kuazima si kupoteza

Baada ya kuyaona majina hayo, mtu angeweza kudhani kwamba zamani elimu ya Wakipsigis ilikuwa yao peke yao, na kwamba mchanganyiko ulianza na shamba la chai na shule. Ushahidi wa lugha na wa masimulizi unakataa dhana hiyo.

Uchukuliwe mfano wa muma. Kiapo kwa Kikikuyu ni mũma. Kwa Kigusii ni emuma. Kwa Kimasai ni olmumai. Lugha hizi ni za jamii tofauti, mbili za Kibantu na mbili za Kiniloti, nazo haziwezi kuwa zimelirithi neno hilo kutoka kwa mama mmoja. Neno lilisafiri. Yumkini lilisafiri kwa sababu ya kazi yake, kwani kiapo hufaa zaidi pale watu wa lugha mbili wanapotaka kufanya amani au kumaliza kesi ya ng'ombe, na kiapo kisichotambulika na upande wa pili hakina nguvu. Hata hivyo hakuna Mkipsigis anayekiona kiapo chake kuwa cha Wagusii, wala Mgusii anayekiona chake kuwa cha Wakipsigis.

Mfano wa pili ni ukoo wa Talai wenyewe. Masimulizi ya Wanandi yanasema kwamba asili ya ukoo huo ni kwa Wamasai, na kazi ya orgoiyot inafanana kwa mengi na ya oloiboni wa Kimasai. Kitu kinachoonekana kuwa kitovu cha elimu ya Wakalenjin hawa, basi, husemwa na wenyewe kuwa kilitoka nje. Kilipofika kilipewa jina la Kikalenjin, kikaingizwa katika mpango wa koo za Kikalenjin, kikawa na historia yake.

Kiswahili chenyewe ni shahidi mkubwa zaidi. Msamiati wa ghaibu wa pwani umejaa maneno yaliyotoka Uarabuni: ramli, hirizi, talasimu, jini, afriti. Maneno hayo hayakuwafukuza pepo, mzimu, mganga na mlozi, ambayo ni ya Kibantu. Yaligawana kazi. Mswahili wa Mombasa au Unguja ana mganga wa kitabu, mganga wa ramli na mganga wa pepo. Ana kago la kuzuia na zindiko la kulinda. Ana laana na apizo, ana husuda na kijicho. Kila kilichoazimwa kiliongeza tofauti ambayo haikuwapo.

Kwa hiyo kipimo cha upekee hakiwezi kuwa asili ya neno. Kipimo ni kama neno bado linatenganisha kitu kimoja na kingine ambavyo wasemaji huona haja ya kuvitenganisha.

5. Jedwali moja

Kuna njia nyingine ya kukutana kwa elimu mbili, nayo matokeo yake ni kinyume cha hayo. Njia hiyo ni ya kuviweka vitu vyote katika jedwali moja kwa kipimo kimoja.

Mfano ulio wazi hutoka mbali na Longisa. Mwaka 1974 ulitolewa nchini Marekani mchezo uitwao Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ambao wachezaji wake hujifanya mashujaa wa nchi ya kubuni. Toleo hilo la kwanza liliwagawa mashujaa katika mafungu matatu tu: mpiganaji, kasisi na mtumia uchawi. Viumbe wa mchezo walikusanywa kutoka kila upande, wakiwemo jini na afriti wa masimulizi ya Kiarabu, na kila mmoja alipewa tarakimu za nguvu zake ili aweze kupigana na mwingine yeyote. Jini wa pwani ya Afrika Mashariki ana dini. Yuko wa Kiislamu na asiyekuwa wa Kiislamu, yuko wa baharini na wa nchi kavu, na mtu huweza kuishi naye kwa mapatano. Katika jedwali la mchezo alibaki kuwa kiumbe wa hewa mwenye kiasi fulani cha nguvu. Wapenzi wa nchi za kubuni wanapolalamika kwamba uchawi wa nchi moja umekuwa kama wa nyingine, mara nyingi kinacholalamikiwa ni jedwali la namna hii. Wageni wengi wameingia, na wote wamevalishwa sare moja.

Mchezo haumdhuru mtu. Serikali ya kikoloni ya Kenya ilifanya jambo lilelile kwa sheria, na watu waliumia. Mwaka 1925 ilitungwa Sheria ya Uchawi iliyotumika kwa makabila yote, na mwaka 1934 ikatungwa sheria nyingine mahsusi ya kuwaondoa watu wa ukoo wa Talai katika nchi ya Wakipsigis. Sheria hiyo ya pili haikutumia neno la Wakipsigis. Iliwaita watu hao kwa jina la Kimasai, laibon, neno ambalo maofisa walikwisha kulizoea kwa Wamasai. Aidha, jina hilo, ambalo kwa Wamasai ni la mtu mwenye kazi maalumu, lilitandazwa juu ya ukoo mzima. Takriban watu 700, wanaume, wanawake na watoto, walihamishiwa Gwassi kando ya Ziwa Victoria, mahali penye mbung'o na malaria. Mtoto wa Talai ambaye hajawahi kutabiri lolote alihamishwa kama laibon.

Haiwezi kudaiwa kwamba neno ndilo lililowahamisha. Siasa ya ardhi na hofu ya uasi ndizo zilizofanya hivyo. Lakini neno lilirahisisha kazi. Kama sheria ingelazimika kusema orgoiyot, ingelazimika pia kuuliza ni nani hasa aliye orgoiyot na nani asiye.

6. Kiswahili kilichofika Longisa

Swali linalofuata ni hili: ikiwa Kiswahili cha pwani kina msamiati mpana namna ile, mbona mtu wa Longisa azungumzapo Kiswahili hujikuta na mganga na mchawi tu?

Jibu limo katika njia ambayo Kiswahili kilipitia. Kiswahili kilichofika nchi ya chai kilikuwa cha nyapara, cha karani, cha askari na cha dukani, na baadaye cha kitabu cha shule. Hakikupandishwa na mganga wa ramli wala na bibi mwenye kuwatoa watu pepo. Zana za kazi na fedha zilipanda nacho, lakini elimu ya ghaibu ya Waswahili ilibaki pwani. Yaliyopanda ni majina ya jumla ambayo ofisi na mahakama ziliyahitaji, yaani la mtu anayetibu kienyeji na la mtu anayedhuru.

Maneno ya Kikipsigis yalipotafsiriwa yaliangukia katika mashimo hayo mawili. Chepkerichot akawa mganga. Ponindet akawa mchawi. Orgoiyot akawa mganga kwa anayemheshimu na mchawi kwa anayemwogopa, na hivyo sifa yake kubwa, ya kuheshimiwa na kuogopwa kwa wakati mmoja, ikakosa pa kukaa. Majirani hawakusalimika. Kwa Wajaluo, ajuoga hutibu na kuagua, na jajuok hukimbia usiku akiwatisha watu, pengine bila kumdhuru yeyote. Naye jajuok akawa mchawi sawa na omorogi wa Wagusii, ambaye huaminiwa kuua. Chemosit, kwa upande wake, akawa zimwi, na katika kuwa zimwi akapata mguu wa pili na kupoteza taa ya kinywani.

Ni dhahiri kwamba lawama hapa haikiangukii Kiswahili kama lugha. Kwa baadhi ya majina haya Kiswahili kina neno lililo karibu sana na halikutumiwa. Chubisiet ni laana au apizo. Muma ni kiapo au yamini. Anayeiita chubisiet uchawi ameikosea lugha ya Kikipsigis na ya Kiswahili pia, kwani hata Mswahili hawezi kumwita mzazi aliyemlaani mwanawe kuwa ni mchawi.

7. Hasara na dawa yake

Pengine itasemwa kwamba haya ni mambo ya wazee, na kwamba yakipotea hayana hasara. Ichukuliwe mathalani hali ya mgonjwa mwanamke mbele ya muuguzi asiyejua Kikipsigis. Muuguzi anauliza kwa Kiswahili kama amekwenda kwa mganga. Mgonjwa, ambaye kwa siku tatu amekunywa mizizi aliyopewa na chepkerichot, anajibu kuwa hapana. Kwa masikio yake mganga ni mtu wa mambo ya giza, na yeye alikwenda kutafuta kerichek. Hakusema uongo. Lakini muuguzi ameondoka bila habari aliyoihitaji ili kujua dawa gani isichanganywe na ile iliyokwisha kunywewa.

Ichukuliwe pia hali ya mahakama. Shahidi akisema kwamba mshtakiwa alitoa chubisiet, na mkalimani akasema alifanya uchawi, kitendo cha hadharani kimegeuzwa kuwa cha siri, na mwenye haki amewekwa pamoja na mhalifu. Katika nchi ambayo tuhuma za uchawi bado huwaua watu, kama ilivyotokea kwa wanawake wazee wanne huko Kisii mnamo Oktoba 2021, kosa la namna hiyo si dogo. Neno mchawi likitandazwa juu ya kila mjuzi wa dawa na kila mzee mwenye laana, idadi ya wanaoweza kutuhumiwa huongezeka bila mtu yeyote kubadili mwenendo wake.

Dawa ya hali hiyo imo katika mazoea ya Kiswahili chenyewe. Lugha iliyolipokea neno jini bila kulitafsiri kuwa pepo, na ramli bila kuiita uganga, inaweza kulipokea neno orgoiyot. Umbo lake linaweza kuzoezwa kufuata matamshi ya Kiswahili, kama ilivyofanyika kwa maneno ya Kiarabu. Watunga kamusi wana kazi tatu mahali hapa. Ya kwanza ni kuyaingiza maneno yasiyo na kisawe, kama orgoiyot, oloiboni na chemosit, yakiwa na maelezo ya kazi na mahali pake. Ya pili ni kuyatumia maneno ya Kiswahili yaliyopo pale yanapofaa, kama laana, yamini na mzimu, badala ya kukimbilia uchawi. Ya tatu ni kuonyesha katika fasili ya mganga na ya mchawi kwamba maneno haya hubeba mambo tofauti pwani na bara. Nchini Tanzania mganga mkuu wa wilaya ni daktari wa serikali. Katika vijiji vya Bomet jina hilo lingemshangaza msikilizaji.

Kwa upande wa Kikalenjin, kazi ya kulinganisha ilikwisha kuanzwa. Taaitta Toweett alitoa mwaka 1979 kamusi ndogo ya nomino za Kiingereza, Kiswahili na Kikalenjin, pamoja na kitabu cha masimulizi ya historia ya Wakipsigis. Kabla yake J. G. Peristiany alikuwa ameandika mwaka 1939 juu ya taasisi za jamii hiyo. Kinachohitajika sasa ni kuvisoma vitabu vya aina hizo mbili kwa pamoja, ili neno lililomo katika kamusi lipate maelezo yaliyomo katika kitabu cha mila, na maelezo hayo yaandikwe kwa Kiswahili.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba elimu ya ghaibu ya Longisa ilijengwa kwa kupokea na kutoa, na kwamba kiapo chake, ukoo wake wa watabiri, na pengine hata jina la mji mkuu wa nchi ya chai, vina alama za majirani. Upekee wake haukutegemea kujitenga. Ulitegemea tofauti zilizolindwa na majina, na majina hayo bado yamo vinywani mwa wasemaji wa Kikipsigis. Yanapotea pale yanapovuka kuingia Kiswahili, na yanapotea kwa sababu aliyeyatafsiri aliridhika na maneno mawili. Kazi ya kuyavusha yakiwa kamili inawahusu walimu wa Kiswahili wa Bomet na Kericho kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa kuwa wanafunzi wanaoyajua maneno hayo kwa lugha ya nyumbani wameketi mbele yao.